Chama na Wakereketwa Wake

Kila uchaguzi unapokaribia, vyama vya siasa hufanya hesabu. Majimbo hugawanywa mafungu matatu: yale ambayo chama kina uhakika nayo, yale ambayo hakina tamaa nayo, na yale yanayogombaniwa. Hesabu ikishakamilika, magari, fedha, vipaza sauti na viongozi wenye majina makubwa hupelekwa katika fungu la tatu. Fungu la pili huachwa. Fungu la kwanza hupelekewa fulana, kofia na ujumbe mmoja mfupi: nyinyi ni wetu, hatuna wasiwasi nanyi.

Leo tunakusudia kuzungumza juu ya watu wa fungu hilo la kwanza. Kwa lugha ya siasa zetu huitwa wakereketwa. Hao ndio wanaofagia maskani, wanaotundika bendera, wanaokwenda mkutanoni kwa miguu hata mvua ikinyesha, na wanaokesha siku ya kuhesabiwa kura. Wamo katika vyama vyote, Unguja na Pemba. Swali letu ni jepesi kuulizwa lakini ni zito kujibiwa: chama kina deni gani kwa mtu ambaye kura yake hakina shaka nayo?

Swali hili halihusu kampeni peke yake. Linahusu nani hupelekewa maji na nani husubirishwa, nani husikilizwa na nani hupigiwa makofi tu. Katika visiwa vyetu, ambako watu wamewahi kupoteza roho zao kwa sababu ya kura, linahusu pia amani ya nchi. Kwa hiyo inafaa litazamwe kwa utulivu, na lijibiwe bila ya kumpendelea yeyote.

Ziko sababu mbili zinazokifanya chama kimsahau mkereketwa wake. Ya kwanza inatokana na utaratibu wenyewe wa uchaguzi. Katika utaratibu wa jimbo moja mwakilishi mmoja, mgombea aliyeshinda kwa kura 1 na aliyeshinda kwa kura 5,000 huingia Barazani kwa mlango mmoja na hukalia viti vilivyo sawa. Kura inayozidi katika ngome haiongezi kiti. Kura hiyohiyo ingeliongezeka katika jimbo linalogombaniwa, ingeligeuza matokeo. Mwenye kuandaa kampeni akilitazama jambo hili kwa jicho la hesabu tu, atamwona mpiga kura asiye na msimamo kuwa ni mtu wa thamani, na mkereketwa kuwa ni mtu aliyekwisha kulipwa.

Sababu ya pili ni imani kwamba mkereketwa hana pa kwenda. Viongozi husema kimoyomoyo kwamba huyu hata akikasirika atanung'unika barazani kwake, na siku ya kura atakuja. Imani hiyo ina ukweli ndani yake. Mtu aliyekipigania chama tangu ujana wake, aliyeoa na kuzaa chini ya bendera yake, haondoki kwa sababu ya kisima kimoja ambacho hakikuchimbwa. Wazee wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Lakini walisema pia usiache mbachao kwa msala upitao. Chama kinachoukimbilia msala mpya kila baada ya miaka mitano siku moja kitarudi nyumbani kikute mbacha umeshakunjwa na kuchukuliwa.

Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi Albert Hirschman alichapisha kitabu kilichokuja kusomwa sana na wachunguzi wa siasa. Alieleza kwamba mtu asiyeridhika na chombo alichomo, kiwe duka, kampuni au chama, ana njia mbili. Anaweza kuondoka, au anaweza kubaki na kusema. Utiifu ndio unaomfanya achelewe kuondoka na ajaribu kwanza kusema. Maelezo haya yana faida kubwa kwetu, kwa sababu yanatuonyesha utiifu wa mkereketwa ni kitu gani hasa. Utiifu huo ni muhula. Chama hupewa nafasi ya kujirekebisha kabla watu hawajatoka. Muhula huo una mwisho, na chama kinachowaziba watu wake midomo huwa kinaupunguza kwa mikono yake mwenyewe, kwani asiyeruhusiwa kusema hubakiwa na njia moja tu.

Visiwa vyetu vilionja mapema uchungu wa kura zilizorundikana mahali pamoja. Katika uchaguzi wa Julai 1963 kulikuwa na viti 31. Chama cha Afro-Shirazi kilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote, lakini kikaambulia viti 13. ZNP ilipata viti 12 na ZPPP viti 6, na vyama hivyo viwili vikaunda serikali kwa viti 18 vilivyotokana na kura chache kuliko za mpinzani wao. Kura za ASP zilijazana katika majimbo yake ya nguvu, ambako kilishinda kwa wingi mkubwa, na huo wingi haukuwa na kazi tena. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Sababu za Mapinduzi zilikuwa nyingi na za miaka mingi, na hatusemi kuwa hesabu ya viti peke yake ndiyo iliyoyaleta. Hata hivyo ni dhahiri kwamba watu waliokuwa wengi kwa kura na wachache kwa viti walijiona hawamo katika nchi yao.

Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, ramani ya ngome ilichorwa upya. Katika uchaguzi wa Oktoba 1995 Baraza la Wawakilishi lilikuwa na viti 50 vya majimbo. CUF ilichukua viti vyote 21 vya Pemba. Unguja, CCM ilichukua viti 26 na CUF viti 3. Katika kura ya Urais Dk. Salmin Amour alitangazwa kwa asilimia 50.2 na Maalim Seif Sharif Hamad asilimia 49.8, na matokeo hayo yakabishaniwa kwa miaka. Tukiyaweka mabishano hayo kando, ramani yenyewe ilikuwa na somo. Kisiwa kizima kilikuwa ngome ya chama kilicho nje ya serikali, na sehemu kubwa ya kisiwa cha pili ilikuwa ngome ya chama kilichomo ndani.

Ni nani aliyefaidika na ramani hiyo? Mwananchi wa Pemba alikuwa akisikia kwamba hakuna haja ya kumhangaikia, maana kura yake haipatikani. Mwananchi wa kijiji cha kusini Unguja alikuwa akisikia kwamba hakuna haja ya kumhangaikia, maana kura yake haipotei. Maneno yalikuwa mawili, matokeo yake yalikuwa mamoja. Wote wawili walipoteza kitu kimoja, nacho ni uwezo wa kuifanya kura yao iogopwe. Na pale kura isipoogopwa, mwenye hasira hutafuta njia nyengine ya kusikika, na mwenye madaraka hutafuta njia nyengine ya kumnyamazisha. Tarehe 27 Januari 2001 maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa 2000 yalikutana na risasi. Watu zaidi ya 30 waliuawa, na wengine zaidi ya 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, pwani ya Kenya. Waliolala makaburini siku ile, na waliolala kwenye mahema ugenini, walikuwa wakereketwa. Viongozi wa pande zote mbili walikuja kukaa mezani, na Muafaka ukatiwa saini Oktoba 2001.

Inafaa pia tuangalie kwa wenzetu, kwani mwenye busara hujifunza kwa jeraha la mwengine. Katika jimbo la West Bengal nchini India, umoja wa vyama vya mrengo wa kushoto ulioongozwa na Chama cha Kikomunisti cha India (Marxist) uliingia madarakani mwaka 1977 na ukatawala mfululizo kwa miaka 34. Nguvu yake ilikuwa kijijini. Mwaka 1978 serikali hiyo ilianza kazi ya kuwaandikisha wakulima wanaolima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno, ili wasifukuzwe ovyo na wapate fungu lao la haki. Zaidi ya wakulima milioni 1 waliandikishwa. Mkulima yule hakuhitaji kushawishiwa apige kura. Karatasi aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa ushahidi tosha.

Mwaka 2006 umoja huo ulipata viti 235 kati ya 294. Kwa ushindi huo viongozi waliamini kwamba mkulima ni wao daima. Mwaka huohuo serikali ilianza kuchukua karibu ekari 1,000 za mashamba pale Singur ili kampuni ya Tata ijenge kiwanda cha magari, na wakulima wengi wakakataa fidia. Pale Nandigram, ambako kulikusudiwa kujengwa viwanda vya kemikali, polisi waliwafyatulia risasi wanakijiji tarehe 14 Machi 2007 na watu 14 wakafa. Chama kilichompa mkulima hati ya shamba ndicho kilichokuja kumnyang'anya shamba. Mwaka 2008 Tata waliondoka na kiwanda chao wakakipeleka Gujarat. Mwaka 2011 umoja ule ulibakiwa na viti 62, na Waziri Mkuu wa jimbo, Buddhadeb Bhattacharjee, akakosa hata kiti chake mwenyewe. Mwaka 2021 haukupata hata kiti 1.

Tuzingatie kwamba viongozi wale hawakuwa wavivu, wala nia ya kuleta viwanda haikuwa mbaya. Vijana walihitaji kazi. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba mtu aliyekuunga mkono kwa miaka 30 huhitaji kuulizwa kidogo kuliko mgeni. Mwenye kampuni alikaribishwa ofisini, akasikilizwa masharti yake. Mkulima akapelekewa taarifa. Angaliulizwa mwanzo, pengine shamba jengine lingepatikana, au fidia nyengine, au subira.

Afrika Kusini inatupa somo la namna nyengine. Chama cha ANC kilipata asilimia 62.65 ya kura mwaka 1994 na asilimia 69.69 mwaka 2004. Mwaka 2019 kilipata asilimia 57.50, na mwaka 2024 kikaanguka hadi asilimia 40.18, kikalazimika kutafuta washirika wa kuunda nao serikali. Wengi wa waliokiacha hawakukimbilia moja kwa moja kwa wapinzani wa zamani. Kwanza walibaki nyumbani. Waliojitokeza mwaka 1999 walikuwa kiasi cha asilimia 89 ya walioandikishwa. Mwaka 2024 walikuwa chini ya asilimia 60. Kisha kilipozaliwa chama kipya cha uMkhonto weSizwe, kilichoandikishwa mwaka 2023 na kuchukua jina la jeshi la ukombozi la ANC wenyewe, kilipata asilimia 14.58 katika uchaguzi wake wa mwanzo. Mkereketwa akichoka hatangazi. Siku ya kura hulala, na chama kikahesabu ukimya wake kuwa ni radhi. Akiletewa nyumba nyengine inayofanana na ile aliyoizoea, huhamia.

Hapa kwetu jambo hilo limekwisha kutokea mbele ya macho yetu. Tarehe 18 Machi 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba Profesa Ibrahim Lipumba ndiye Mwenyekiti halali wa CUF. Siku hiyohiyo Maalim Seif alitangaza kuhamia ACT-Wazalendo, na kaulimbiu ya shusha tanga, pandisha tanga ikaenea Unguja na Pemba. Ofisi zilipakwa rangi mpya, bendera zikabadilishwa, na majimbo ya Pemba yaliyoitwa ngome ya CUF kwa zaidi ya miaka 20 yakaacha kuwa ngome yake. Katika uchaguzi wa 2020 CUF ilipata kura chache mno katika visiwa hivi.

Kila chama kinaweza kulifasiri tukio hilo kitakavyo. Sisi tunaona kwamba limethibitisha jambo moja wazi. Mkereketwa si mali ya jengo, wala ya bendera, wala ya hati ya usajili. Aliufuata uhusiano aliouamini: uongozi aliohisi unamjua, na dai aliloliona kuwa ni lake. Walioshinda shauri walibaki na chama, na watu wakaondoka. Kiongozi wa chama chochote anayesema kwamba jimbo fulani ni letu milele aikumbuke siku hiyo.

Hata hivyo haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Kumheshimu mkereketwa si kumtii katika kila alitakalo. Lipo kosa jengine ambalo ni sawa na lile la kumpuuza, nalo ni chama kuwa mateka wa wafuasi wake wakali. Kiongozi wa namna hiyo husema maneno ya kuwasisimua wa kwao, huwatukana wengine, na hufunga kila mlango wa mapatano kwa kuogopa kuitwa msaliti. Mwisho wake husalia na mkutano wenye makelele na nchi isiyo na utulivu.

Mfano mwema tunao. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu na kuanza safari ya maridhiano. Hatua hiyo haikuwafurahisha wakereketwa wote. Kwa upande mmoja walikuwapo walioona serikali inagawiwa bure. Kwa upande mwengine walikuwapo walioona madai ya miaka mingi yanaachwa. Viongozi wangaliweza kurudi nyuma kwa kuwaogopa. Badala yake walikwenda kwa watu wao, wakaeleza, wakavumilia miguno, na wakaliweka suala hilo mbele ya wananchi wote. Katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66.4 walikubali kuundwa kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na uchaguzi wa mwaka huo, ambao Dk. Ali Mohamed Shein alitangazwa kwa asilimia 50.1 dhidi ya asilimia 49.1 za Maalim Seif, ulipita kwa utulivu ambao hatukuwa tumeuzoea. Yaliyokuja baadaye, kufutwa kwa uchaguzi wa Oktoba 2015 na kurudiwa Machi 2016 bila ya CUF kushiriki, hayaondoi thamani ya somo lile. Mkereketwa aliyeelezwa ukweli anaweza kubeba uamuzi mgumu. Aliyezoeshwa kusifiwa tu hawezi.

Kwa hiyo deni la chama kwa mkereketwa wake lina sehemu tatu. Ya kwanza ni kumsikiliza kabla ya uamuzi, si kumpa taarifa baada yake. Ya pili ni kumwambia ukweli, hata ule asioupenda. Ya tatu ni kumwachia uwezo halisi wa kumkataa kiongozi bila ya kulazimika kukikataa chama. Sehemu hii ya tatu ndiyo husahauliwa zaidi, nayo ndiyo dawa ya kile tulichokieleza hapo juu. Ikiwa mtu hataki kuondoka, basi apewe silaha ya kutumia akiwa ndani.

Historia ya nchi yetu inaonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Mwaka 1965 Tanganyika ilifanya uchaguzi wa chama kimoja, ambapo wagombea wawili wa TANU walishindanishwa katika jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwengine kwa alama ya nyumba. Wengi walidhani kwamba chama kikiwa kimoja, mwenye kiti hana la kuogopa. Wananchi, ambao utiifu wao kwa TANU haukuwa na shaka, waliwaangusha wabunge wengi waliokuwamo, akiwemo Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Chama hakikutetereka kwa hilo. Kilipata nguvu, kwa sababu watu waliona kura yao imefanya kazi. Utaratibu ule ulikuwa na mipaka yake, na haukuruhusu fikra zote. Lakini ulijua siri moja, kwamba mtu hubaki katika nyumba ambayo anaweza kuitengeneza. Miaka sita baadaye, Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikemea wazi kiongozi kuwa na kiburi na kuwadharau anaowaongoza.

Leo chombo kinachofanana na kile ni kura za maoni ndani ya vyama. Kwa CCM, mwaka 2010 wanachama wote wa jimbo walipewa haki ya kupiga kura hizo. Mwaka 2020 kazi hiyo ilifanywa na wajumbe wa mikutano ya majimbo, na baadhi ya walioongoza kwa kura hawakuteuliwa na vikao vya juu. Vyama vyengine navyo vina mtindo wa jina kutoka juu na makofi kutoka chini. Tunafahamu hoja ya wenye kutetea mchujo: kwamba kura nyingi zinaweza kununuliwa, na kwamba mshindi wa leo anaweza kuwa mla rushwa wa jana. Hoja hiyo ina uzito. Lakini dawa ya rushwa ni kumshtaki mtoaji na kumtangazia mwanachama sababu ya jina kukatwa. Jina likikatwa bila ya maelezo, mwanachama hujifunza kwamba safari yake ya kituoni ilikuwa mchezo, na mara nyengine hatakwenda.

Kura za maoni huja mara moja katika miaka mitano, kwa hiyo hazitoshi. Tawi ndilo darasa na ndilo baraza la mkereketwa. Tawi linalokutana pale tu panapokuwa na mgeni wa kitaifa limekufa, hata kama bendera yake ni mpya. Mwakilishi na mbunge warudi tawini wakiwa na daftari, waeleze walichoahidi, kilichofanyika, kisichofanyika na sababu yake. Mwanachama alipe ada yake, ingawa ni ndogo, kwa kuwa anayelipa ana haki ya kuuliza, na chama kinachoishi kwa ada hakimwogopi tajiri mmoja. Na vijana wa maskani wasitumiwe kama fimbo ya kuwatishia jirani zao wakati wa kampeni, kisha wakasahauliwa walipo baada ya kiapo.

Neno letu jengine ni kwa maofisa wa serikali, kwani baadhi ya makosa ya vyama hukamilishwa ofisini. Yapo mazoea ya kudhani kwamba malipo ya mkereketwa ni kazi ya serikali, kiwanja, au kutangulizwa katika foleni. Hayo siyo tunayoyadai hapa. Deni la chama hulipwa na chama, kwa heshima na kwa sera; halilipwi kwa mali ya umma. Karafuu ya mkulima hainunuliwi kwa kadi ya chama. Dawa ya hospitali haiulizi rangi ya bendera, wala mtoto wa skuli hakupiga kura ya mtu yeyote. Sheha anayemwandikia barua mtu kwa kutazama anakokaa siku ya mkutano anaitendea dhulma shehia yake, na anakidhuru pia chama anachodhani anakisaidia, maana anawafundisha watu kwamba serikali ni ngome ya wenzao. Marekebisho ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 2010 yaliiweka Serikali ya Umoja wa Kitaifa ili kila upande ujione umo. Marekebisho hayo hayatakuwa na maana ikiwa Makamu wa Rais na mawaziri wanakaa pamoja kwenye jukwaa, huku mwananchi bado anaulizwa kwenye dirisha la ofisi kuwa yeye ni wa wapi.

Wapo watakaosema kwamba chama kikijishughulisha mno na watu wake wa uhakika kitawapoteza wale wa katikati, na hivyo kitashindwa. Hofu hiyo inaeleweka, lakini msingi wake ni dhaifu. Mpiga kura wa katikati anaishi jirani na mkereketwa. Husali naye, hununua samaki pamoja naye diko moja, na hutazama kwa makini jinsi chama kinavyomtendea aliyekitumikia. Akiona mtu aliyekesha kwa ajili ya chama hasikilizwi, atauliza yeye mgeni atapewa nini. Fulana elfu moja hazishindi neno la jirani mmoja aliyevunjika moyo.

Na wakereketwa wenyewe nao wanalo jukumu. Mapenzi kwa chama ni jambo jema, lakini mapenzi yasiyouliza huwaharibu wapendwa. Mwenye kumwona kiongozi wake anakosea akanyamaza kwa kuogopa kumfurahisha mpinzani, anamwacha aanguke pabaya zaidi. Aseme, na asemee ndani kwanza, kwa adabu na kwa dalili. Asiposikilizwa arudie. Kura yake ni amana aliyopewa na nchi, na amana haihamishiki ikawa mali ya chama kwa sababu ya kuzoeana. Hapana aibu katika kukiuliza chama unachokipenda kimekufanyia nini wewe na mwenzako asiyekuwa wa chama chako.

Uchaguzi utakuja tena, na hesabu ya mafungu matatu itafanywa tena. Tunavishauri vyama vyote viongeze safu moja katika daftari hilo. Mbele ya kila jimbo linaloitwa la uhakika, iandikwe mara ya mwisho ambayo kiongozi wa juu alikwenda pale kusikiliza bila ya kuomba kura, na jambo aliloambiwa, na lililofanyika. Pale ambapo safu hiyo ni tupu, chama kisiliite jimbo hilo ngome.